Kiko chenye Uso wa Firmin

Jumatatu, 8 Novemba 1920

Theluji ya kwanza imeanguka leo, mapema kuliko nilivyotaka. Ng'ombe wetu wawili wameingia zizini chini ya nyumba, na mpaka Machi joto lao litatupandia kupitia mbao za sakafu, pamoja na harufu yao. Shamba limelala. Sasa ni msimu wa viko.

Daftari hili dada yangu Léonie alilinunua ili niandike maagizo ya wateja. Ana haki. Mwaka jana nilimpelekea padri kiko chenye kichwa cha msichana alichoagiza mwenye kilabu, na padri akakipokea bila kusema neno. Lakini agizo la leo haliingii katika mstari mmoja, kwa hiyo nimeamua daftari liwe langu.

Saa nne asubuhi alikuja Mzee Hippolyte Vuillermoz, buti zimejaa theluji. Mzee huyu alitoboa viko miaka arobaini katika kiwanda kimoja kule bondeni, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Alitoa ndani ya koti gutu la mzizi wa bruyère, mti tunaochongea viko, lililofungwa flana, akalifungua taratibu mezani. Nimechonga viko tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na sijawahi kuona mzizi mkavu namna ile. Ulikuwa mwepesi, na rangi yake ilikuwa ya mkate uliookwa vizuri.

"Nililiweka kando siku Firmin alipobatizwa," akasema. "Miaka ishirini na mitano juu ya dari. Usiniambie umewahi kushika kitu kama hiki."

"Sijawahi, mzee."

"Basi mchonge humo. Picha tuliyo nayo ni ya komunio yake ya kwanza, ana mashavu ya mtoto. Wewe ulikuwa naye vitani. Sura yake ya kiume unaijua wewe, Séraphin. Akirudi akute kiko chake kinamsubiri."

Nikasema sawa. Hapo akaniuliza lile analoniuliza kila tukikutana, tangu nirudi.

"Mlipotengana alikuwa mzima, sivyo?"

"Mzima, mzee."

Barua ya jeshi ilisema hajulikani alipo. Kwa neno hilo moja wazee hawa wawili wanaishi. Mkewe, Mama Adèle, anaanika matandiko ya kitanda cha mwanawe kila Jumamosi. Na kijiji kizima kinajua ugomvi wa mzee na mwenyekiti wa kijiji: mnara wa waliokufa vitani unajengwa mbele ya kanisa, mchonga mawe anataka majina yote kabla ya Pasaka, na Mzee Hippolyte amekataa katakata jina la Firmin liwemo.

Firmin amekufa. Nilikuwa hatua arobaini kutoka alipolala. Hii ni mara ya kwanza nayaandika maneno haya, na kwa mdomo sijawahi kuyatamka mbele ya mtu yeyote.

Ijumaa, 12 Novemba

Nimenoa patasi zote. Gutu sijaligusa.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimelilamba gutu pande zote sita, ndivyo tunavyofanya, ili mishipa ya mti ijitokeze. Mishipa inapanda juu moja kwa moja bila kupinda. Upande mmoja una kivuli chepesi, nimeamua hapo pawe nyuma ya kichwa. Ladha ya udongo haijanitoka mdomoni mpaka sasa, nimekula hata kitunguu kibichi.

Jumanne, 23 Novemba

Nimekata umbo kwa msumeno na kuanza paji la uso. Firmin alikuwa na paji pana na nywele zilizosimama mbele hata ukizimwagia maji. Mkono wangu ulizikumbuka kabla yangu. Nilipoinua kichwa adhuhuri imepita, na Léonie amesimama mlangoni na sufuria la viazi.

"Kaka, ukiendelea kulitazama hivyo gutu hilo, itabidi tukatangaze ndoa kanisani."

"Funga mlango, baridi inaingia."

"Angalau huyo hatalalamika kuhusu kukoroma kwako," akasema, akafunga mlango kwa kisigino. Léonie anang'arisha viko vyangu vyote kwa brashi na nta, na anadhani hilo linampa ruhusa ya kusema chochote. Kwa kweli linampa.

Jumatano, 1 Desemba

Theluji siku nzima. Macho yote mawili yametokea.

Jumatatu, 6 Desemba

Leo nimesikia kitu. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri, bado kuna mwanga, natengeneza shavu la kushoto karibu na dirisha. Nyuma yangu mtu alivuta kiko kitupu. Kila mtu wa kazi hii anaijua sauti hiyo, mvuto mkavu unaofanywa kupima njia ya moshi kabla ya kuweka tumbaku. Nikajibu bila kufikiri, "Kiko sawa?" nikidhani ni Léonie anachezea viko vya rafuni. Nikageuka, na karakanani hamna mtu.

Nilishuka zizini. Léonie alikuwa anakamua.

"Ulipanda juu sasa hivi?"

"Kwa miguu ya nani? Huoni nimekaliwa na ng'ombe?"

Nikarudi juu nikafanya kazi nikiupa ukuta mgongo.

Jumamosi, 18 Desemba

Mdomo unanishinda. Nataka Firmin anayecheka, maana ndivyo kijiji kinavyomkumbuka, mtu wa kucheka mpaka padri anaacha mahubiri. Nimechora midomo iliyofungwa na kicheko pembeni. Nikichonga, inafunguka. Nimeishusha midomo mara tatu sasa, na mara zote tatu katikati unajitokeza mstari mweusi wa mti, na ukiitazama sura kwa mbali unaona mtu anayeita.

Mti hauna zaidi ya nafasi ya ukucha kabla sijafika kwenye ukuta wa bakuli la tumbaku. Siwezi kushusha tena.

Jumamosi, 25 Desemba

Baada ya misa Mzee Hippolyte alinishika mkono nje ya kanisa, karibu na jiwe la mnara ambalo bado limefunikwa turubai. Alisimama akiwa amelipa mgongo.

"Mama yake anauliza umefika wapi."

"Namalizia taya, mzee."

"Anafanana?"

"Anafanana."

Mama Adèle alikuwa nyuma yake, mdogo ndani ya shali yake nyeusi. Alinipa kipande cha jibini kilichofungwa kitambaa safi. "Kula, Séraphin," akasema. "Umekonda. Firmin akirudi akukute hivi atanilaumu mimi." Nilishukuru. Léonie amekula jibini lote, mimi halikunishuka.

Jumatatu, 10 Januari 1921

Mchana baridi ilikuwa kali kiasi kwamba gundi imeganda chupani. Mvuto ule mkavu nimeusikia mara mbili, asubuhi na baada ya chakula. Sigeuki tena.

Léonie alikuja kuchukua viko vya kung'arisha, akakichukua na cha Firmin, akakipindua. Bakuli la tumbaku nilikwisha kulichimba, lakini ile njia nyembamba ya moshi, kutoka kwenye shingo mpaka chini ya bakuli, bado.

"Hujatoboa?"

"Nitatoboa mwisho. Taya ni jembamba, naogopa keekee ipasue."

"Tangu lini? Wewe mwenyewe ulinifundisha, tundu kwanza, urembo baadaye. Hapa mlimani hata mlevi anatoboa kwanza."

"Hiki si kiko cha kawaida."

Alinitazama kidogo, safari hii hakuwa na utani. "Kaka, unaongea peke yako huku juu. Nakusikia ukimjibu mtu." Nilimwambia nasali. Hakuamini, mimi sijasali karakanani maisha yangu yote.

Jumapili, 23 Januari

Sikwenda misani. Nimesema nina homa.

Jumatano, 2 Februari

Nimechonga masikio. Mazuri.

Alhamisi, 17 Februari

Leo imetimia miaka mitano. Asubuhi yote ukungu umejaa bondeni, ukungu uleule, na Léonie ameshuka kwenye kiwanda cha jibini. Niko peke yangu na kiko kipo mbele yangu kimesimama juu ya kitambaa. Nitaandika yote mara moja, halafu nione kama mkono utatulia.

Tulikuwa juu ya mlima, mimi na Firmin na wengine kumi na wanne, theluji mpaka kiunoni. Alfajiri tukaamriwa kuhama kutoka kwenye handaki la juu kwenda la chini. Mimi nilifika. Firmin alikuwa nyuma yangu, akapigwa risasi ya paja kati ya mahandaki mawili, akaangukia shimo la bomu. Hatua arobaini. Baadaye nilizihesabu kwa macho mara nyingi sana, siku hiyo sikuwa na kazi nyingine.

Hakupiga kelele. Aliita, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita jirani upande wa pili wa ua. "Séraphin. Oya, Séraphin. Njoo univute." Ukungu ulikuwa mzito, hata adui asingeniona. Sajini aliniambia, "Ukitaka kwenda, nenda sasa, ukungu haujainuka." Hakuniamuru. Angeniamuru ningekwenda, nadhani ningekwenda.

Nilikaa. Nilijiambia nasubiri ukungu uwe mzito zaidi. Kisha nikajiambia umeshakuwa mwepesi mno. Firmin aliendelea kuita. Akaanza kunitania: "Séraphin, au bado unavaa suruali? Nakusubiri, bibi harusi!" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilicheka. Kisha akaacha utani akaita jina langu tu. Nilisikia mpaka karibu saa sita mchana. Saa saba mizinga ilianza, na ilipomaliza upande ule wa mlima ulikuwa umepinduliwa, hakuna shimo, hakuna theluji, hakuna chochote cha kuokota.

Sajini alikufa wiki ile ile. Afisa alipouliza nani aliyemwona Vuillermoz, nikasema sikumwona. Ndipo akaandikwa kwamba hajulikani alipo. Neno lile ambalo wazazi wake wanaliishi nililitoa mimi, na sikulitoa kwa huruma. Nililitoa kwa sababu mtu aliyemwona angeulizwa kwa nini hakwenda.

Nimeinua macho sasa hivi. Ule mdomo ndio aliokuwa nao. Mkono wangu unajua zaidi ya ninavyoutaka ujue.

Ijumaa, 18 Februari

Mkono haujatulia.

Alhamisi, 3 Machi

Nimekimaliza. Nimekipitishia msasa mara nne, Léonie amekipaka nta, mrija wa pembe umeingia shingoni ukakaa sawasawa. Léonie alikitazama muda mrefu. Alikuwa akimpenda kidogo Firmin enzi zile, ingawa atakataa mpaka kiama.

"Ndiye," akasema. "Lakini kwa nini umemfanya anaita?"

"Anaimba," nikasema.

Mto umeanza kusikika chini ya barafu. Mchonga mawe amefika kijijini na vifaa vyake, amepanga kwa mwenyekiti.

Jumapili, 6 Machi

Mzee Hippolyte alikuja baada ya misa, amevaa koti lake la kanisani, amenyoa. Nilimkalisha kwenye kiti changu karibu na dirisha, nikampa kiko kikiwa katika ile flana yake.

Alikifungua. Kidole gumba chake kilikwenda kwenye paji, kwenye zile nywele zisizolala, kikabaki hapo. Machozi yalimtoka waziwazi, na hakuyafuta.

"Mkono wako ubarikiwe," akasema.

Nilitamani sakafu ifunguke nidondokee ng'ombe.

Halafu akafanya anachofanya kila mtu aliyewahi kufanya kazi hii. Aliweka mrija mdomoni, akavuta kupima njia ya moshi.

Hakuna hewa iliyopita. Mashavu yake yaliingia ndani tu. Akavuta tena. Akauchomoa mrija, akapuliza ndani yake, mrija ulikuwa wazi. Akakiinua kiko kwenye mwanga wa dirisha, jicho moja limefungwa, akachungulia shingoni, kisha ndani ya bakuli. Nami nilijua hapo hapo tu, pamoja naye. Sikutoboa. Nilichonga miezi minne, nikapiga msasa, nikaweka mrija, na sikutoboa.

"Limeziba na nta labda," nikasema.

"Halijaziba. Halipo." Alikiweka kiko gotini. "Miaka arobaini nimetoboa viko, Séraphin. Nimeona mtu akisahau rangi. Nimeona mtu akisahau alama ya kiwanda. Tundu hasahau mtu, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kiko kisicho na tundu ni cha mtu ambaye hatakivuta."

"Mzee..."

"Mlipotengana alikuwa mzima?"

Nikafungua mdomo kusema mzima. Neno halikuja. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, nikamwambia. Nilimwambia hatua arobaini. Nilimwambia ukungu, na sajini, na saa sita mchana. Nilimwambia kwamba nilicheka. Aliniuliza swali moja tu.

"Alikuita kwa jina?"

"Kwa jina, mzee. Asubuhi yote."

Alisimama, akavaa kofia, akatoka. Kiko alikiacha kwenye kiti.

Jumatatu, 7 Machi

Hakuja mtu.

Jumanne, 8 Machi

Nimemwambia Léonie. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Amepika, ameniwekea chakula, amekwenda kula zizini.

Alhamisi, 10 Machi

Mvua juu ya theluji. Karakanani kimya kabisa. Nimekaa saa nzima nikiusikiliza ule mvuto mkavu, na haukuja. Sikudhani ningeutamani.

Jumamosi, 12 Machi

Asubuhi hii alikuja. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa vifaa, akachagua keekee nyembamba, akaijaribu ncha kwa kucha.

"Shika kiko," akasema.

Nilikifunga kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya kizibo, uso ukanielekea mimi, nikakishikilia kwa mikono yote miwili. Mikono yake ilitetemeka mpaka ncha ilipogusa mti. Hapo ilitulia. Alizungusha polepole, akisimama kila mara kupuliza unga, na mimi nilihisi keekee ikipita chini ya taya mpaka nikaisikia imetoka ndani ya bakuli, mahali hasa panapotakiwa. Mti haukupasuka. Alikivuta, hewa ikapita.

Akajaza tumbaku yake lakini hakuwasha.

"Jana nilikwenda kwa mwenyekiti," akasema. "Jina litachongwa. Sasa inabaki mama yake. Utakuja nami umwambie."

"Nitamwambia yote, mzee. Nimekwisha kuwa tayari."

"Nani amekuuliza kama uko tayari?" Hakupandisha sauti. "Yote umeniambia mimi, yanatosha mtu mmoja. Yeye utamwambia ulikwenda. Ulimfikia. Ulimshika mkono mpaka mwisho, na hakuteseka. Umenielewa?"

"Mzee, usinifanye niseme hivyo."

"Mimi naye tutakuwa na umri gani tukimaliza kumsikia mtoto wetu akiita asubuhi nzima? Mimi tayari namsikia. Yeye hatamsikia. Vaa koti."

Mama Adèle alikuwa uani, anaanika shuka za Firmin. Alituona tunakuja pamoja, na kiko mkononi mwa mumewe, akajua. Aliishusha shuka polepole ndani ya kapu, baada ya kuikunja kwanza. Jikoni alikaa akaweka mikono mezani.

"Sema, mwanangu."

Nikasema. Nilisema nilitambaa kwenye ukungu hatua arobaini. Nilisema nilimkuta anacheka, ananitania kuhusu suruali yangu, na hilo lilimfanya atabasamu huku analia, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Nilisema nilimshika mkono. Maneno yalikuja yenyewe, mazuri, yamenyooka, na mzee alisimama karibu na jiko akinitazama usoni neno kwa neno.

"Hakuwa peke yake," akasema Mama Adèle.

"Hakuwa peke yake, mama."

"Mkono upi?"

Sikuelewa.

"Ulimshika kwa mkono upi?"

Niliangalia mikono yangu. "Huu," nikasema, nikautoa wa kulia.

Aliuchukua kwa mikono yake miwili, bado ina baridi ya shuka mbichi, akauinamia akaubusu. Alibusu kiganja, akabusu vidole kimoja kimoja, akauweka shavuni pake akaushikilia. Nilitaka kuuvuta nikashindwa. Nyuma yake Mzee Hippolyte aliwasha kiko, na moshi ukapita vizuri.

"Miaka mitano hukuniambia," akasema Mama Adèle bila kuuachia mkono. "Uliona uchungu kunieleza. Maskini. Lakini utanisimulia tena, eh? Leo kichwa changu hakishiki. Utakuja Jumapili ule nasi, unisimulie polepole, tangu mwanzo?"

Nilimtazama mzee. Alitoa mrija mdomoni.

"Atakuja," akasema. "Kila Jumapili atakuja."

Leo ni Jumamosi.